Mrejesho: bro aliyepata ajali na gari la lizi akiwa kalewa

Wakuu, narudi na lile swali langu la nani analipa, bro kagonga akiwa kalewa, anaendesha gari la lizi, yaani la kampuni alilokodi kwa mkataba. Bima wamemlipa aliyegongwa ila gari lenyewe wamegoma, kipimo cha pombe kimo kwenye ripoti ya polisi, na sasa hela waliyomlipa aliyegongwa wanamdai bro. Wenye gari nao wakaleta barua, salio lote la mkataba kwa mkupuo, na faini juu. Wakili kaisoma akacheka, mabaki ya gari washauza na hela yake hawajaitoa kwenye deni! Kawaandikia wapige hesabu upya, bro asisaini kitu kwanza. Kesi ya jinai iko kivyake, hata akilipa yote haifutiki, leseni ishazuiliwa.