Kikundi cha Familia: Kuku wa Bibi

[Alhamisi, saa 1:10 asubuhi]
Dada Mwanaidi: Hamjambo nyote. Wale mitetea sita wametimiza majuma kumi na mawili, na kibanda chao kimewabana hata wameanza kudonoana mikia. Mmoja ametoka damu na nimemtenga, kwa kuwa kuku wakiona damu hawaachi. Naomba tukutane Jumamosi kwa Bibi tuzibe kona ya banda kubwa kwa wavu, wakae humo majuma mawili wakionana na wakubwa bila kugusana, ndipo tuwachanganye. Nani ataleta wavu?

[saa 3:05 asubuhi]
Dada Mwanaidi: Naona wengi mmesoma na hakuna aliyejibu.

[saa 4:20 asubuhi]
Kaka Idi: Majuma mawili ya nini? Wachukue usiku, uwapandishe kwenye fito kando ya wenzao, na kukicha wakubwa watadhani walikuwa nao siku zote.

Dada Mwanaidi: Kaka Idi, kuku hutambuana sura, kwa hiyo giza litawapa amani ya usiku mmoja tu, na kukipambazuka kila mgeni atapimwa kwa mdomo. Usiku unafaa kumalizia, baada ya kuzoeana kupitia wavu. Isitoshe, wewe ni mtu wa mwisho kutushauri kuhusu kuingiza kuku bandani.

Kaka Idi: Nilijua tutafika kwa yule jogoo.

Mama Mdogo: Hakuna aliyemtaja jogoo.

Binamu Faraji: Hakutajwa, lakini amewika.

Dada Mwanaidi: Tusicheke. Yule jogoo aliingia akionekana mzima, na muda si mrefu banda zima likawa linakoroma, kwa sababu kuku aliyepona mafua huweza kuendelea kubeba ugonjwa bila dalili yoyote. Ndiyo maana hawa sita niliwatenga mwezi mzima tangu niwapokee, nikawa nawahudumia mwisho, na viatu vya huko siingii navyo kwa wengine.

Binamu Faraji: Kwa midomo ninayoijua ya kuku wa Bibi, napendekeza mitetea washonewe kofia za chuma.

Mama Mdogo: Hasa yule mwekundu, ambaye amewahi kunidonoa kidole nikiokota mayai.

Dada Mwanaidi: Nimeuliza habari ya wavu.

[saa 11:40 jioni]
Salma: Samahani kwa kuchelewa. Kuna suala la chakula ambalo halijaguswa. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi nyingi, yaani madini ya kujengea ganda la yai, karibu asilimia 4, na mtetea ambaye hajakaribia kutaga akikila kwa muda mrefu huharibika figo. Wakichanganywa, wote wale chakula cha kukuzia, na maganda ya chaza yaliyosagwa yawekwe katika chombo chake, watagaji wajichukulie wenyewe. Vyombo vya chakula na maji viwe zaidi ya kimoja na vikae mbalimbali, maana mbabe mmoja hawezi kuvilinda vyote. Na huyo mwekundu akizidi, atolewe yeye siku chache. Atakaporudi atakuwa amepoteza cheo.

Kaka Idi: Hapo nakubaliana na Salma.

[saa 2:15 usiku]
Bibi (anaandikiwa na Zai): Nimesomewa yote. Safari ile ya jogoo nilizika kuku peke yangu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kushika jembe. Hakuna kuku atakayeingia bandani mwangu kabla sijamshika mkononi nikamtazama macho, pua na chini ya mabawa. Na mwekundu hatolewi.

[saa 3:30 usiku]
Kaka Idi: Shikamoo, Bibi. Tumesikia.

Mama Mdogo: Tumesikia, Mama.

[Ijumaa, saa 12:50 asubuhi]
Dada Mwanaidi: Basi Bibi atawakagua Jumamosi, na akiwakuta wazima tutaziba kona siku hiyohiyo, tuwawekee na matawi ya kujifichia, kwa kuwa mwekundu anabaki. Kaka Idi, wavu?

Kaka Idi: Ninao kipande, ila matundu yake ni mapana.

Dada Mwanaidi: Mapana kiasi gani? Kichwa cha mtetea kikipita, atadonolewa akiwa amenasa.

Mama Mdogo: Mimi Jumamosi sitakuwapo.

[saa 7:25 mchana]
Dada Mwanaidi: Kaka Idi, nasubiri jibu.

[saa 4:10 usiku]
Binamu Faraji: Kwani ni Jumamosi hii?