Programu ya uhariri wa video: vyuo vyetu vifundishe ya kulipia kila mwezi au ya kununua mara moja?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wahariri na walimu wa uhariri, naleta kwenu jambo ambalo kila muhula huzuka upya bila kupata jibu. Je, chuo cha utangazaji kinachoendeshwa kwa ada za wazazi, au kwa fedha za walipa kodi kikiwa cha umma, kifundishe uhariri kwa Adobe Premiere Pro, ambayo hulipiwa kwa mwezi, au kihamie DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la kawaida ni la bure na lile kamili hununuliwa mara moja?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Nadhani tunang'ang'ania bei, ilhali swali zito ni kama kazi tunayoihariri leo itafunguka baada ya miaka mitano.

Bei tuimalize haraka. Premiere peke yake kwa mkataba wa mwaka ni takribani dola 23 kwa mwezi. Resolve Studio ni dola 295 mara moja, kwa hiyo ndani ya miezi 13 hesabu zinakutana, na kuanzia hapo anayelipa kwa mwezi anaendelea kulipa. Toleo la bure la Resolve nalo linatoa video hadi ukubwa wa Ultra HD, na wengi wetu hatujawahi kuombwa na mteja zaidi ya hapo. Asiyekubali hesabu hii aipinge, lakini tusilale hapo.

Tutazame yaliyowapata waliotutangulia. Tarehe 21 Juni 2011 Apple ilitoa programu mpya ya uhariri, Final Cut Pro X, na siku hiyohiyo ikaacha kuuza toleo la zamani ambalo wahariri wa filamu na televisheni walikuwa wamelijengea ofisi nzima. Programu mpya haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7. Haikuwa na uhariri wa kamera nyingi kwa pamoja, wala haikutoa XML, yaani faili la maandishi linaloorodhesha vipande vya mradi ili programu nyingine iweze kuujenga upya. XML ilirudishwa Septemba mwaka huohuo na kamera nyingi Januari 2012, lakini wengi walikuwa wameshahamia Premiere au Avid, programu nyingine ya uhariri. Na ilipofika 2017, toleo la zamani halikuwaka tena katika mfumo mpya wa kompyuta za Mac. Angalieni nani alinusurika: ni yule aliyekuwa na mazoea ya kutoa faili la XML kila alipomaliza mradi, kwa sababu Premiere ililisoma faili hilo, na baadaye kidogo ikapatikana programu ndogo ya kampuni nyingine iliyolipeleka ndani ya Final Cut mpya. Final Cut ya zamani hakuilipia kwa mwezi, aliinunua, na bado ilimfia mikononi. Kwa hiyo kununua mara moja peke yake si kinga.

Wanafunzi wangu huwaonyesha EDL, orodha ya uhariri iliyobuniwa zama za kanda, kwa kuifungua kwa Notepad. Wanashangaa kwamba inasomeka kwa macho: namba ya kipande, jina la kanda, alama ya kukata, kisha nyakati nne, kila moja ikiwa ni saa, dakika, sekunde na picha. Kipande kimoja kimeandikwa kuanzia 01:02:10:05 hadi 01:02:14:00 katika kanda, na kukaa kuanzia 00:00:00:00 hadi 00:00:03:20 katika kazi iliyokamilika. Kwa picha 25 kwa sekunde, mwanafunzi anapiga hesabu kwa kalamu na kupata sekunde tatu na picha ishirini, sawasawa na ilivyoandikwa. Hakuna leseni inayoweza kumzuia kuisoma karatasi hiyo.

Nami nimelipia ujinga wangu. Mwaka 2019 nilihariri sendoff ya familia moja hapa Kinondoni, kamera tatu na sauti ya mikseta niliyoilinganisha kwa mkono. Miaka mitano baadaye baba wa binti akafariki, na familia ikaja kuomba hotuba yake nzima, bila kukatwa, ili waisikilize arobaini. Diski ilikuwepo. Faili la mradi lilikuwepo. Leseni ilikuwa imekwisha, nikalipia mwezi mmoja. Mradi ukafunguka ukiwa mwekundu mwanzo hadi mwisho, yaani programu haikuziona video zake, kwa sababu folda nilikuwa nimezibadilisha majina, na plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kusafisha sauti haikuwepo tena sokoni. Nilikesha usiku mara mbili nikiunganisha upya sauti ya marehemu na midomo yake. Sikuwa na XML, wala sauti iliyokwisha kulinganishwa sikuihifadhi pembeni.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kwamba chuo kitumie programu yoyote kinayoimudu, mimi ningechagua Resolve, lakini hakuna mwanafunzi apewe alama za mradi wake wa mwisho bila kukabidhi XML, EDL na video kamili katika ProRes au DNxHR, aina za faili za video zenye ubora wa juu. Nakaribisha kupingwa.

Mwalimu wa uhariri, Mwanza

Ndugu mleta mada, pole kwa mikesha hiyo, na hoja ya XML naikubali. Hilo la kuchagua Resolve ndilo sikubaliani nalo.

Maabara yangu ina kompyuta zenye RAM ya GB 8. Wenye Resolve wenyewe wanashauri 16, na 32 kwa anayetumia Fusion, sehemu yake ya michoro na madoido, na programu hiyo inategemea kadi ya picha kuliko kitu kingine chochote. Ukisema tuokoe fedha za leseni, utanunua mashine mpya kwa fedha hizohizo na nyingine juu yake. Kuna mwenzetu aliyewaza kuweka Linux ili aokoe zaidi. Akagundua kwamba toleo la bure kwenye Linux halisomi H.264, yaani video za kamera nyingi ambazo wanafunzi wanaazima haziingii mpaka uzigeuze kwanza.

La pili ni ajira. Mwanafunzi wangu anapokwenda mazoezini katika kituo cha televisheni, anakuta Premiere, na anakuta michoro ya majina ya wazungumzaji imetengenezwa tayari kwa After Effects, programu ya Adobe ya michoro inayotembea. Michoro hiyo XML haiibebi. Ukihamisha, vipande vinafika, majina yanabaki nyuma. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada hataki kusikia kwamba mwanawe anajua programu bora kuliko ya mwajiri.

Mleta mada

Mwalimu, kuhusu RAM umenishinda, na ningeongeza jambo ambalo ni dhidi yangu mwenyewe: Resolve nayo, ukishapandisha mradi katika toleo jipya, toleo la zamani haliufungui. Premiere hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi akihariri nyumbani kwa toleo la mwaka huu kisha kituo kikawa na la miaka miwili nyuma, faili lake ni mzigo tu.

Ajira, hata hivyo, ni sababu ya kufundisha programu mbili, tena siyo kwa kina sawa. Kukata ni kukata. Aliyeelewa kwa nini mzungumzaji akatwe kabla hajavuta pumzi ataelewa popote, na vitufe vya J, K na L, vya kurudisha video nyuma, kuisimamisha na kuipeleka mbele, vinafanya kazi ileile kote kuwili. Kinachonikera ni kwamba vyuo vingi havilipii hiyo Premiere, vinatumia nakala za kraki, kisha tunawaambia vijana waheshimu hakimiliki za kazi zao. Bei ya kweli hatujawahi kuilipa, ndiyo maana tunaiona nafuu.

Mhariri wa kujitegemea, Nairobi

Naongeza mawili kutoka upande wetu. Kulipa si tatizo kubwa kama zamani: tangu 2022 kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inalipia huduma za nje bila akaunti ya benki. Tatizo ni mkataba wenyewe. Mtu anadhani amelipia mwezi, kumbe amesaini mwaka mzima unaolipwa kidogokidogo, na akitaka kutoka katikati anadaiwa ada. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa wateja wasiione wanapojiunga. Kama mlalamikaji ni serikali ya huko, kijana wa mwaka wa kwanza hapa tunamwacha na nani?

La pili, nyote wawili mnazungumza kana kwamba vijana wako kwenye Premiere na Resolve. Wengi wako CapCut, programu ya uhariri ya ByteDance, kampuni yenye TikTok, tena kwenye simu. Januari 2025 CapCut ilizimika Marekani pamoja na TikTok kwa sababu ya sheria iliyoihusu ByteDance, na wahariri wa kule wakaamka hawaifikii. Hakuna aliyekuwa amechelewa kulipa. Mwanafunzi anayehariri ndani yake anahitaji kuonyeshwa mlango wa dharura mapema kuliko mtu yeyote.

Mwalimu wa uhariri, Mwanza

Hilo la simu sikuwa nimeliweka katika hesabu, na kwa kweli nusu ya darasa langu wanafika nalo mkononi.

Nitajaribu jambo moja muhula ujao bila kusubiri kikao. Wanafunzi wa mwaka wa pili watahariri taarifa ya dakika tatu kwa Premiere, kisha siku ya mtihani kila mmoja atapewa XML na picha ghafi za mwenzake, kwenye ile kompyuta moja yenye Resolve, kwa zamu ya dakika arobaini. Alama nusu ni za yule anayeifungua, nusu ni za yule aliyeiandaa. Michoro ya majina nitawaagiza waitoe kama video isiyo na mandhari nyuma yake, ili ibebeke na kuwekwa juu ya picha. Mwenye kujua namna ya kuokoa pia vichujio vya sauti bila kuviunguza moja kwa moja ndani ya sauti yenyewe, naomba anielekeze hapa, kwa sababu hapo ndipo ninapokwama.