Naombeni ushauri, chakula cha jioni kwetu kimekuwa vurugu

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimechoka. Tuko watano, mimi na mume wote tunafanya kazi, yeye wiki hii anaingia asubuhi wiki ijayo usiku, mkubwa ana mazoezi ya mpira jumanne na alhamisi anarudi saa mbili kasoro, wa kati ana tuisheni jumatano, mdogo ikifika saa moja na nusu ashaanza kusinzia kijiko kiko mdomoni. Mwezi uliopita nikaandika ratiba ya wiki nzima, kila siku na chakula chake, nikaibandika kwenye friji. Ilidumu siku tatu. Jumatano nimerudi saa moja nimechoka hoi, ratiba inasema kuku, kuku mwenyewe jiwe kwenye friza! Tukala mkate na mayai kila mtu na kona yake na simu yake. Nikiuliza mnataka kula nini naambiwa "chochote tu", hicho chochote nikikipika kinanuniwa. Nyie mnafanyaje?

Mama Watatu: Pole shosti. Ulianza na chakula, anza na watu. Chukua karatasi andika siku saba, kila siku nani yupo nyumbani saa ngapi. Utakuta siku mnazoweza kukaa wote ni mbili tatu tu, hizo ndo za kupika cha maana, zingine sufuria moja jikoni anayeingia anapakua. Kwetu ni jumapili na jumatatu basi, na wala sijisikii vibaya.

Baba Jikoni: Naongezea hapo, mimi ndo mpishi kwetu (msicheke). Jumapili nachemsha maharage mengi na natengeneza rosti ya nyanya ya kutosha, nagawa kwenye vyombo vidogo vipoe haraka, ya kuliwa mpaka jumatano inakaa friji, iliyobaki friza. Kuku usimwache mezani kutwa nzima ayeyuke, mshushe kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kumpika, akiwa mzima mpe siku nzima au zaidi, vipande vinawahi. Na wali uliobaki usiulaze kwenye sufuria, ndani ya masaa mawili uwe kwenye friji, ukilala nje unaweza kukutibua tumbo hata uupashe moto vipi.

Kapera: mi naishi peke yangu ila hapo kwenye mkate na mayai nimejiona 😂

Mleta uzi: Mama Watatu karatasi nimeandika saa hizi hizi, zimetoka jumatatu na jumamosi tu, tena hiyo jumatatu ni wiki ambazo mume anaingia asubuhi. Sasa huyu mdogo nimlishe kabla au asubiri wenzie?

Mama Watatu: Mlishe kabla. Wenzie wakikaa mpe kipande cha tunda akae nao dakika kumi, inatosha. Mtoto mwenye njaa na usingizi mkimweka mezani hamli wote.

Bibi wa Wajukuu Sita: Mwanangu hao wa "chochote tu" kila mmoja achague siku yake, na aliyechagua anaingia jikoni kusaidia. Huyo wa mpira ana miaka mingapi? Kama anakimbia dakika 90 hawezi kushindwa kumenya vitunguu.

Mleta uzi: Ana 14 bibi. Nimemsomea ulichoandika, kanuna kaenda chumbani kwake. Ila kabla hajafunga mlango kasema tambi, jumamosi.