Naomba ushauri: /proc/cpuinfo inaonyesha prosesa ya mashine halisi, si inayoigwa

Habari zenu wakuu. Nimekwama, mwenye uzoefu na QEMU (programu inayoiga prosesa za aina nyingine) anisaidie.

Naendesha programu ya aarch64 (prosesa za ARM za biti 64) kwenye mashine ya x86-64 (aina ya Intel/AMD) kwa qemu-aarch64, toleo la 7.2. Programu inafungua /proc/cpuinfo (faili ya Linux inayoeleza prosesa) kutafuta mstari wa Features, yaani orodha ya uwezo wa prosesa ya ARM. Inakuta "vendor_id : GenuineIntel" na flags (orodha kama hiyo ya upande wa Intel) ndefu zenye sse2, kisha inajifunga. Nimejaribu -cpu cortex-a57, wapi! Ombi la kufungua faili linakwenda moja kwa moja kwa kerneli ya mashine halisi. /proc/self/maps (ramani ya kumbukumbu ya programu) haina shida, hiyo QEMU inaitunga yenyewe, na ndiyo iliyonipa moyo.

Kwa hiyo nimeanza kuongeza fanksheni yangu ndani ya linux-user/syscall.c, kwenye jedwali lilelile la faili za kuigwa. "CPU implementer : 0x41" (namba ya kampuni ya ARM) imekaa sawa. Ninapokwama ni hapa: Features niitoe kwenye biti za AT_HWCAP (zinazoonyesha uwezo wa prosesa) ambazo programu tayari inapewa inapoanza, au niandike orodha kwa mkono? Naogopa vikipishana, programu itatumia maelekezo ambayo prosesa inayoigwa haina.

Na idadi ya viini (cores) vya prosesa, nihesabu vya mashine nzima au vile tu ambavyo programu imeruhusiwa kutumia, kama sched_getaffinity inavyoonyesha?