Delta ya Rufiji: wapanda baiskeli wa Dar wafunguliwe njia, au tuiache ilivyo?

Pedali ya Mbagala
Wadau, salaam. Kila wikiendi sisi ni Pugu, Bagamoyo, Pugu tena. Kwa nini Delta ya Rufiji isifunguliwe kwa wapanda baiskeli? Lami mpaka Bungu, wilaya ya Kibiti, pale unashika njia ya Nyamisati, baiskeli zinapakiwa kwenye boti, mnavuka mikono ya mto na kuzunguka vijiji kiangazi kikiwa kimekausha njia. Ndege, viboko, mikoko mpaka macho yachoke. Eneo lile pamoja na Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, tangu 2004, ila sisi wa Dar tunalisikia kwa wageni. Halmashauri iweke alama na kiingilio, vijana waongoze wageni. Na wenyeji wakiona watalii wataijua thamani ya mikoko, wataacha kuikata hovyo.

Mjukuu wa Dungu
Nimeishia kwenye "wataijua thamani". Mkuu, mikoko ni miti ya aina nyingi; hebu nitofautishie mkandaa na msinzi kwa macho tu. Mlilana unaota wapi, msikundazi unaota wapi? Babu yangu alijua mti upi unatoa boriti na upi unafaa chombo, na hakuwahi kuvaa kofia ya baiskeli.

Pedali ya Mbagala
Babu alijua, sawa. Mashamba ya mpunga yaliyomo katikati ya mikoko leo kayalima nani? Mimi?

Mjukuu wa Dungu
Kayalima mtu mwenye njaa. Mto wenyewe ulihamia upande wa kaskazini, maji yakawa matamu, mpunga ukakubali. Unalima misimu michache, magugu yanajaa, kaa wanakata miche, unahamia kipande kingine. Umeshawahi kulala kwenye dungu unalinda shamba usiku, nguruwe huku, kiboko kule? Halafu aje mtu na chupa ya maji ya kunyonya kwa mrija anifundishe thamani.

Faili la Misitu
Tupunguze jazba. Mikoko ya delta ni hekta 50,000 hivi, hakuna msitu wa mikoko wa mahali pamoja unaoufikia Afrika Mashariki. Ni hifadhi ya serikali, inasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo halmashauri haiwezi tu kuchomeka vibao na kukusanya kiingilio. Na kulima mpunga mle ni kosa, hata kama mto umehama.

Mjukuu wa Dungu
Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri. Vijiji vilikuwepo kabla ya hilo faili lako.

Bi Ukili
Wanangu, mnagombania mti na mimi nataka kuuliza habari ya baiskeli. Kwetu baiskeli haichezewi. Inabeba gunia la mpunga, inabeba nazi, inabeba mgonjwa mpaka kwenye boti. Hao wageni ishirini wakija siku ya bamvua, maji yamejaa, mitumbwi ni ile ile, nani atavushwa kwanza? Mwenye kulipa zaidi au mama mwenye uchungu?

Zege Halilali
Mimi hoja yangu ni moja: kule kuna meli ya Mjerumani, Königsberg. Waingereza waliizamisha 1914. Hicho tu kinatosha kuleta watu.

Mzee wa Tarehe
1914 ndiyo ile Königsberg ilivyoizamisha Pegasus ya Mwingereza pale Unguja, Septemba. Yenyewe ilimalizwa Julai 1915. Na hawakuizamisha Waingereza hasa: meli zao Severn na Mersey ziliipiga mpaka ikawaka, ndipo nahodha akaamuru ilipuliwe.

Zege Halilali
Ukipigwa mpaka ukajilipua, umezamishwa. Tusichezeane maneno.

Pwani Mombasa
Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus. Karibuni muuone bila kuumwa na mbu.

Zege Halilali
Sasa mzinga wa Rufiji unafanya nini Mombasa? Urudi.

Pwani Mombasa
Ukirudi mtauweka wapi, kwenye tope? Meli yenyewe mliikatakata mkauza chuma chakavu miaka ya sitini.

Faili la Misitu
Hilo ni kweli kwa bahati mbaya. Kilichobaki kimezama kwenye matope. Mtalii wa Königsberg atapigwa picha na maji.

Mjukuu wa Dungu
Na mizinga 10 ya meli hiyo ilitolewa mle deltani ikaenda kupigana vita nchi kavu. Unadhani ilivutwa na nani? Watu weusi, kwa kamba, kwenye tope hilo hilo. Mtu akitaka njia ya utalii aanzie hapo, si kwenye ndege.

Pedali ya Mbagala
Sasa hapo umesema kitu! Njia ya Mizinga. Nipe vijiji inavyopita nichore ramani.

Mjukuu wa Dungu
Nikupe bure? Ndiyo mchezo wenu huo. Leo ramani, kesho kibao, keshokutwa nakatiwa tiketi kwenda shambani kwangu.

Zege Halilali
Mafuriko ya 2024 yalifagia njia na mashamba, nyie mnachora ramani ya nini? Muulizeni mwenye Bwawa la Nyerere huko juu ya mto kwanza.

Faili la Misitu
Bwawa lianzishiwe uzi wake tafadhali. Rufiji ilifurika kabla hatujazaliwa.

Zege Halilali
Nilijua ungesema hivyo.

Bi Ukili
Mizinga mmeihesabu, bwawa mmeligusa. Nimeuliza mitumbwi: foleni ya kuvuka atapanga nani?

Mzee wa Tarehe
Zege, narudi kwako. Severn na Mersey zilikuwa na mizinga ya inchi 6, yaani sentimita 15 hivi, na ndege ilikuwa juu inawaelekeza shabaha. Königsberg ilikuwa na sentimita 10.5. Hesabu mwenyewe.