Wenye watoto wa pasipoti mbili, mnaishije na hizi "rudini kwenu"? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Naomba tupeane uzoefu wazazi wenye watoto wa uraia pacha, hasa mlioko nchi ambazo siku hizi ukifungua simu habari ni wahamiaji tu. Niko Leipzig, mume wangu Mjerumani, binti yetu yuko darasa la tatu na ana pasipoti ya huku na ya Tanzania. Sasa anajua kusoma, mabango ya barabarani anayasoma mwenyewe. Uchaguzi wa Februari 2025 AfD, chama kinachopinga wahamiaji, walipata asilimia 20.8 nchi nzima, huku Saxony kwetu ndo usiseme, na mwezi mmoja kabla kule Karlsruhe walisambaza vipeperushi vyenye sura ya tiketi ya ndege, ya kwenda bila kurudi. Mtoto akaniuliza mama, ya kwetu italetwa lini? Baba yake akamjibu wewe ni Mjerumani haikuhusu. Jibu lile sikulipenda kabisa, maana mimi je? Na rafiki yake Msyria wanaokaa dawati moja je? Nikamwambia uraia wako ni halali, kibali cha mama ni halali, na hata ambaye makaratasi yake bado ni mtu wa kuheshimiwa.

Halafu kuna upande wa nyumbani. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili mpaka 18, baada ya hapo ana mwaka mmoja aukane ule mwingine, asipoukana Utanzania unaondoka. Yani huku anaambiwa aende kwao, na huko kwao nako ana siku yake ya mwisho. Inaniuma sana. Ninyi mnawaambiaje watoto?

Baba wa Houston
Dada pole, na umefanya vizuri kuanza kuongea nae mapema. Kijana wangu alizaliwa hapa Texas mimi na mama yake tukiwa na viza za wanafunzi. Ilipotoka ile amri ya Trump ya tarehe 20 Januari 2025 ya kuwanyima uraia wa kuzaliwa watoto wa wazazi wenye viza za muda kama sisi, wenzie shuleni wakamwambia wewe sio Mmarekani tena. Alirudi hasemi na mtu. Tukakaa mezani tukaisoma pamoja, nikamwonyesha kwamba inawataja watakaozaliwa kuanzia siku 30 baada ya kusainiwa, sio yeye, na mahakama ziliizuia mapema tu. Nikamwambia pia uraia wake umesimama kwenye marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yaliyokuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili watu weusi waliotoka utumwani na watoto wao wasije wakakataliwa tena. Hapo ndo alipoinua kichwa. Mtoto mpe ukweli wenye tarehe na majina, ukimwambia "usijali" tu anajua unamficha.

Mama Mombasa, Sheffield
Salaam nyote. Agosti 2024 zile ghasia za kupinga wahamiaji zilipotoka mji wa Southport zikaenea, hapa Rotherham jirani yetu hoteli ya waomba hifadhi ilitaka kuchomwa watu wakiwa ndani. Wanangu sikuwatoa nje wiki nzima, hata madrasa hawakwenda. Mkubwa akasema yeye Kenya hataki kusikia tena, ataitwa Muingereza peke yake ili wasimpige. Wallahi nililia. Lililotusaidia ni tarehe 7, watu walijitokeza kwa maelfu miji mingi kupinga, na majirani zangu wazungu walibisha hodi kuniuliza kama nataka kununuliwa chochote dukani. Nikamwita mwanangu aje mlangoni awasikie mwenyewe. Mtoto asione maadui peke yao. Kwetu Wakenya afueni ni kuwa Katiba ya 2010 haimlazimishi kuchagua, vyote viwili ni vyake maisha.

Wa Kigoma
Msifikiri ni Ulaya tu jamani. Mimi Muha, baba wa watoto wangu Mrundi, na hapa kwetu hata Muha ambaye babu yake kazikwa hapahapa anaulizwa uraia. Mtoto anaitwa mkimbizi na mtoto mwenzie, we unadhani kalitoa wapi hilo neno? Nyumbani kwao. Nilimfuata mama yake huyo mwenzie, tukaongea kama majirani, akaona aibu, watoto sasa wanacheza. Cheti cha kuzaliwa nakitunza kuliko hela.

Mdau
Si mrudi tu nyumbani, kelele za nini.

Baba wa Houston
Mdau, nyumbani kwa huyu kijana ni Houston pia. Ndo tunachozungumza hapa.

Mama mtu mzima, Sweden
Wangu ameshapita hapo kwenye 18. Sweden inakubali uraia pacha tangu 2001, kwa hiyo ni kwetu tu ndo palimtaka achague, na kwa masomo na kazi alibaki na wa huku. Sasa akija Dar analipa viza dola 50 kwenda kumsalimia bibi yake mzaa mama. Hii hadhi maalum ya diaspora, ya Tanzania kwa wenye asili ya huko walio na uraia wa nje, ni hatua lakini sio uraia, kura hapigi. Bora tulimweleza tangu ana miaka kumi na mbili, ilipofika siku yenyewe hakulaumu mtu, ila alikasirika na hasira yake nilimwachia, ana haki nayo. Mwandalie makaratasi yote mawili yawe hai mpaka siku hiyo, achague akiwa navyo mkononi.

Mleta mada
Asanteni sana. Pasipoti yake ya Tanzania inaisha mwakani, naanza kuihuisha sasa. Na baba yake nimemsomea ya Houston, jana kaniambia tukae wote watatu tumweleze upya binti. Mlioko Afrika Kusini sijawasikia, karibuni, najua huko nako ni pagumu.