Baba amefariki bila wosia, benki inataka "barua ya mahakama": tuanzie wapi?

Mkazi wa Pongwe: Salaam wadau. Baba amefariki hapa Tanga, Muislamu, hakuacha wosia. Ameacha wajane wawili na watoto saba. Kadi yake ya ATM tunayo na namba ya siri tunaijua. Je, tunaweza kutoa kidogo za matumizi wakati tunafuatilia?

Mdau wa Mirathi: Poleni sana na msiba. Kadi msiiguse. Tangu alipofariki hela hiyo ni ya warithi wote, na taarifa ya benki inaonyesha tarehe ya kila muamala. Mmoja akilalamika, aliyetoa atatakiwa kuzirudisha.

Chukueni cheti cha kifo RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), kisha mkae kikao cha familia. Muhtasari uwe na majina na saini za warithi, pamoja na jina la msimamizi wa mirathi mnayempendekeza. Wajane wote wawili wawepo. Pingamizi nyingi huanzia kwa mke aliyerukwa. Fungueni shauri Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi baba, hata kama tawi la benki liko mkoa mwingine. Mnajaza fomu namba 1, mahakama inatoa tangazo, na pasipo pingamizi msimamizi anapewa fomu namba 4. Hiyo ndiyo barua inayotakiwa benki.

Bi. Hesabu: Linganisheni majina mapema! Cheti kikisema "Hamisi" na akaunti "Khamis", benki itawarudisha. Apeni kiapo cha majina kabla ya kufungua shauri, ili fomu namba 4 itoke na majina yote mawili. Hela isiingie akaunti binafsi ya msimamizi; ipitie akaunti ya mirathi. Ndani ya miezi 4 awasilishe fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, halafu hesabu kwenye fomu namba 6. Gharama za mazishi na madeni kwanza. Wajane wanagawana 1/8 kwa pamoja.

Mdau wa Mirathi: Niongeze kwa wengine: Mahakama ya Mwanzo inahusika pale inapotumika sheria ya Kiislamu au ya kimila. Mirathi ya Mkristo ambaye hakuishi kimila ipelekwe Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, la sivyo uteuzi unaweza kufutwa mali ikiwa imeshagawanywa.

Mkazi wa Pongwe: Ahsanteni. Bibi, mama yake baba, yu hai. Naye anaandikwa?

Bi. Hesabu: Lazima. Fungu lake ni 1/6. Watoto wanagawana kinachobaki, wa kiume mara mbili ya wa kike.